Miwani, barakoa au mwili mwingine: umfiche vipi shujaa wako wa katuni?

Jumamosi moja binti wa kidato cha pili alifika barazani kwangu, hapa Tanga, na daftari lake la michoro. Kabla hajaketi alikuwa ameshalifungua.

"Shikamoo mwalimu. Huyu nimvalishe miwani au barakoa?"

Kwenye ukurasa palikuwa na mama wa makamo, mkaanga samaki, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, karai la mafuta mbele yake. Usiku mama huyo huzama baharini na kuziokoa ngalawa zinazokwenda mrama. Asubuhi anawauzia vibua watu walewale aliowatoa majini, nao hawajui.

Vijana wanaonijia kujifunza kuchora huuliza swali hilo wote, kila mmoja kwa namna yake, na kwa miaka kadhaa niliwajibu ovyo: chora unachokipenda. Halafu naona hadithi zao zinakwama ukurasa wa tano, kwa sababu barakoa waliyoipenda haiendani na mtu waliyemvalisha. Sasa nawauliza kwanza: kati ya hawa wawili, wa mchana na wa usiku, nani anayedanganya? Ukishamjua muongo, umeshajua nani wa kumvalisha nguo za kujificha. Mashujaa wa katuni za Marekani, ambao ndio wanaonakiliwa kwenye karibu kila daftari linaloletwa hapa, wamelijibu swali hilo kwa njia zinazopingana kabisa. Tuwaweke pamoja tuone kila njia inampa mchoraji nini na inamdai nini.

Superman: aliyejificha ni yule mwenye tai

Superman alitokea mara ya kwanza katika Action Comics namba 1, toleo la Juni 1938. Mwandishi alikuwa Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, Ohio, wote wavaa miwani. Clark Kent, yaani Superman wa mchana, mwandishi wa habari mpole ambaye msichana anayempenda, Lois Lane, hamtupii hata jicho, hakutoka mbali nao. Jina lake waliliunga kutoka kwa waigizaji wawili wa filamu, Clark Gable na Kent Taylor.

Mtazame vizuri. Uso wa Superman uko wazi, hauna hata kitambaa. Rangi zake, bluu na nyekundu na njano, ni za kuonekana kutoka mbali, na herufi imekaa kifuani kama bendera. Huyu hajifichi hata kidogo. Anayejificha ni Clark: miwani mizito, suti pana inayomeza kifua, tai, na nywele zilizolazwa mahali pa kile kishungi kinachojikunja kipajini. Waandishi wa baadaye, hasa kuanzia 1986, walishikilia kwamba Clark ndiye mtu halisi na Superman ndiye kazi yake. Kwenye hadithi sawa. Kwenye karatasi, kwa macho ya mchoraji, sare ya kuigizia bado ni ile suti ya ofisini.

Watu hucheka: miwani tu, jamani? Mimi sicheki. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliwaonyesha watu picha mbili mbili za nyuso wasizozijua, wakawauliza kama ni mtu mmoja au wawili. Picha zote mbili zikiwa na miwani, au zote hazina, watu walipatia karibu mara 80 katika 100. Moja ikiwa na miwani na nyingine haina, walishuka kwa takriban 6. Kwa mpita njia, basi, miwani ina kazi yake. Kwa Lois Lane, anayekaa meza ya jirani siku zote za wiki, haitoshi, na hapo ndipo mwili unapoingia.

Katika filamu ya mwaka 1978 Christopher Reeve anaonyesha jambo hili kuliko maelezo yangu yote. Yuko nyumbani kwa Lois, mwenyewe ameingia chumbani kujiandaa. Clark amebaki sebuleni, mabega yameshuka, shingo imejivuta ndani kama ya kobe. Anavua miwani. Mgongo unapanda, kifua kinajaa, sauti inatua chini, na ndani ya suti ileile anasimama mtu mwingine. Anafungua kinywa amwambie ukweli. Kisha anaghairi, miwani inarudi usoni na mwili wote unaporomoka tena. Nimewaonyesha wanafunzi kipande hicho nikiwa nimezima sauti, na kila mara kuna mmoja anayesema, "Amefupika!" Ndiyo, amefupika. Hilo ndilo la kuchora.

Na juu ya mwili kuna kitu ambacho hakichoreki: imani ya watu. Katika Superman namba 2 ya mwaka 1987, adui yake Lex Luthor anakusanya taarifa zote alizonazo na kompyuta inamjibu bayana kwamba Clark Kent ni Superman. Luthor anakataa. Kwake yeye haiwezekani mwenye uwezo wa namna ile akubali kuishi kama mtu wa kawaida, kwa hiyo anamfukuza kazi mtaalamu aliyemletea jibu. Uso ulio wazi haumpi mtu sababu ya kuuliza kuna nani nyuma yake. Ukimvalisha shujaa barakoa, umeshawatangazia watu kwamba kuna siri.

Wapo waliojaribu kulieleza jambo hili kwa ufundi. Hadithi moja ya 1978, Superman namba 330, ilisema vioo vya ile miwani vimetokana na chombo kilichomleta duniani, na kwamba vinaikuza nguvu yake ya kuwapumbaza watu wamwone Clark mwembamba na dhaifu. Kwangu hayo ndiyo maelezo mabovu kuliko yote. Yanamnyang'anya mtu kazi yake nzuri ya kuigiza na kumpa kioo.

Hesabu ya mchoraji ni hii. Njia ya miwani inakupa uso wa shujaa muda wote: akiogopa unaona, akilia unaona. Inakudai ujue kuchora miili miwili kwa mtu mmoja. Kama bado hujaweza kumchora mtu aliyesimama ukamtofautisha na aliyejikunyata bila kuangalia uso, iache kwanza. Wasichana wa upande huu wamepita njia hiyohiyo: Diana Prince, ambaye ndiye Wonder Woman tangu 1941, alianza na miwani na nguo za unesi, na Supergirl wa 1959 alivaa wigi la kahawia. Wigi ni rahisi kuchora, na ukweli wake ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwanamke akibadilisha nywele, mtaa mzima unamtazama mara mbili.

Batman: wote wawili wanadanganya

Batman alifuata mwaka mmoja baadaye, Detective Comics namba 27, Mei 1939. Mchoraji Bob Kane alikuwa na mchoro wa mtu mwenye nguo nyekundu, mabawa magumu na kitambaa kidogo cha machoni. Mwandishi mwenzake, Bill Finger, akamshauri aache hayo yote: ampe barakoa inayofunika kichwa hadi puani, yenye masikio ya popo, joho badala ya mabawa, rangi ya kijivu na nyeusi, na matundu ya macho yaliyo meupe bila mboni. Ukiyapitia mabadiliko hayo moja moja unaona yote yanakwenda upande mmoja, kumwondolea ubinadamu. Superman amevaa ili watu wamwamini. Huyu amevaa ili watu watetemeke.

Sasa geuka umtazame Bruce Wayne, yaani Batman wa mchana. Tajiri, mcheshi, mpenda sherehe, anachelewa kila mahali na hajali lolote. Huo nao ni uongo, na ni wa zamani kuliko katuni zenyewe. Scarlet Pimpernel wa mwanzoni mwa karne iliyopita alijifanya bwana mpuuzi wa mavazi, na Zorro wa mwaka 1919 alijifanya kijana mlegevu asiyependa purukushani. Bruce Wayne ni ndugu yao. Mtu wa kweli, yule mtoto aliyewaona wazazi wake wakiuawa uchochoroni, hayuko kwenye suti wala kwenye joho. Yuko katikati, na wanaomjua ni wachache, mtumishi wake Alfred wa kwanza.

Kwa hiyo ukiichagua njia hii umejipa kazi ya kumbuni mtu wa tatu. Wengi hawalioni hilo. Wananiletea shujaa mwenye barakoa ya masikio, wanamchora vizuri sana, na mchana wanamwacha mtu wa kawaida tu, hana sura wala tabia. Ukimuuliza mwenye mchoro, mchana huyu anajifanya nani? Kimya.

Barakoa ya nusu uso ina zawadi moja kubwa, taya. Mdomo uko wazi, kwa hiyo maneno yana mahali pa kutokea na hasira ina mahali pa kukaa. Wanafunzi wangu hufikiri macho ndiyo kila kitu. Mfunike Batman macho, ubaki na mdomo na kidevu tu, uone ni mambo mangapi unaweza kusema kwa kona mbili za mdomo. Lakini taya hiyohiyo ndiyo tundu la siri. Anayekupenda anaijua taya yako. Sauti nayo inamtoa mtu, ndiyo maana kwenye filamu zilizoanza 2005 Christian Bale alikwaruza sauti kila alipovaa barakoa. Wako waliochoshwa na mkwaruzo ule. Mimi nauunga mkono, kwa sababu mtu anayehutubia sherehe za mjini kila wiki hawezi kuongea usiku kwa sauti ileile asitambuliwe.

Na kuna suala la shingo. Michael Keaton katika filamu ya 1989 hakuweza kugeuza kichwa ndani ya vazi lile, akawa anageuka mwili mzima. Katika filamu ya 2008 Bruce mwenyewe anaomba atengenezewe vazi litakalomruhusu kugeuza shingo. Kwenye karatasi hatuna shida hiyo, lakini nawaambia vijana waikumbuke. Mtu anayegeuka mwili mzima anatisha, na ukimchora hivyo kwa makusudi umeongeza hofu bila kuongeza wino.

Kitambaa cha machoni peke yake, kama alichovaa Robin, msaidizi wa Batman, tangu 1940, sikishauri. Kinakunyima macho ya mhusika na hakifichi kitu. Kama hadithi ni ya watoto wadogo, sawa.

Spider-Man: anayedanganya amefunikwa mpaka ukucha

Lugha yetu imempa mdudu na vazi jina moja. Nimekulia mtaa ambao jioni wanawake wakitoka harusini barabara ilikuwa nyeusi kwa mabuibui, na wengine wameshusha ushungi usoni. Nikiwa mtoto sikumkosa mama hata siku moja. Nilimjua kwa mguu wa kulia uliokuwa ukitupa kidogo, na kwa alivyokuwa akibana mkoba kwapani. Kwa hiyo mtu akiniambia Spider-Man hawezi kujulikana kwa sababu amefunikwa gubigubi, namwambia aende akasimame mlangoni pa harusi.

Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, alitokea katika Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962, mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Ditko alieleza mwenyewe sababu za kumfunika uso mzima: uso ule ulikuwa wa kitoto mno, barakoa ingeongeza fumbo, na msomaji angepata nafasi ya kuwazia mwenyewe sura iliyoko ndani. Sababu ya kwanza ndiyo ninayoipenda. Fikiria jambazi mwenye bunduki akagundua anapigana na mvulana wa shule. Barakoa ile inamkinga Peter na dharau kwanza, ndipo inamkinga na maadui.

Hapa basi mpangilio wa Superman umepinduka. Wa mchana ni mkweli kabisa: mwanafunzi maskini, mwenye miwani mpaka mwaka 1964 ilipovunjwa na mwanafunzi mwenzake, Flash Thompson, na Peter akaona hana haja nayo, analelewa na shangazi, anatafuta pesa ya kodi. Wa usiku ndiye wa kubuni. Chini ya barakoa anakuwa mwepesi wa ulimi, anawatania maadui, anasema yote asiyoweza kuyasema darasani. Kufunikwa kumemfungua. Anayejua watu wenye haya atalielewa hili mara moja.

Ditko alikuwa na mtindo mmoja wa kuliweka jambo hilo machoni bila maneno. Peter anapokuwa darasani au mtaani na hatari ikanukia, nusu ya uso wake inachorwa kama kawaida na nusu nyingine inachorwa kama barakoa, utando na jicho jeupe. Uso mmoja, watu wawili, kisanduku kimoja. Kama unataka kuiba kitu kwa mabingwa, iba hicho.

Sasa gharama. Ya kwanza ni mistari. Vazi lile lina utando kuanzia kichwani, na kila kisanduku unauchora upya, ukifuata mviringo wa paji, pua na kidevu. Kijana mmoja aliniletea kurasa nane za shujaa wake mwenye magamba ya samaki mwili mzima. Ukurasa wa kwanza magamba yalikuwa kamili, yamepangika moja moja. Kufikia wa sita yamekuwa vistari vya kupapasa. Wa nane shujaa amegeuka kivuli cheusi. Alikuwa amechoka, na kosa lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyemsifia ukurasa wa kwanza bila kumuuliza amekusudia kuchora kurasa ngapi. Kabla hujaamua vazi, lichore mara ishirini mfululizo. Mkono ukilalamika, lipunguze.

Gharama ya pili ni hisia. Mdomo haupo, nyusi hazipo. Unabaki na umbo la macho, ambayo wachoraji huyabana na kuyatanua ingawa ni kitambaa, na unabaki na mwili: vidole, magoti, mgongo uliojikunja. Ajabu ni kwamba ukiumudu mwili, hutaukumbuka uso.

Gharama ya tatu ni ya hadithi, na ni tamu. Barakoa nzima inavuliwa. Norman Osborn, baba wa rafiki yake Peter, alimjua mwaka 1966 kwa kumfuata kimyakimya mpaka uchochoroni na kumwona akibadilisha nguo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa Peter ni hivyo kweli. Na katika filamu ya 2004 anasimamisha treni kwa mwili wake, anazimia, abiria wanambeba juu ya mikono yao na kumlaza chini akiwa hana barakoa. Wanamtazama. Ni kijana mdogo tu. Watoto wawili wanamrudishia barakoa yake na kumuahidi hawatamwambia mtu. Tukio hilo lisingewezekana kwa Superman, maana uso wake hauna cha kuvuliwa, wala kwa Batman, maana taya yake ilikuwa imeshatuandaa.

Kufunikwa kote kuna jambo jingine, ambalo Ditko aliligusa na wengine wakalikamilisha. Ndani ya vazi lile anaweza kuwa mtu yeyote. Mwaka 2011 Brian Michael Bendis na Sara Pichelli walimleta Miles Morales, kijana wa Brooklyn mwenye baba Mmarekani mweusi na mama wa Puerto Rico, na vazi halikuhitaji zaidi ya kugeuzwa rangi, nyeusi na nyekundu. Mtoto wa hapa akilivaa naye anatosha.

Mwili mwingine kabisa

Kuna wasiohitaji nguo. Billy Batson, katika Whiz Comics namba 2 ya Februari 1940, ni mtoto wa mtaani muuza magazeti. Akitamka neno moja, radi inapiga na anakuwa mwanamume mzima mwenye misuli na joho. Hakuna wa kuwafananisha, kwa hiyo siri iko salama. Ninachopenda hapa ni kwamba mwili umekua na mtoto amebaki. Mchore akiwa mkubwa, lakini umpe macho ya mtoto na miguu isiyotulia.

Hulk wa Mei 1962 ni kinyume chake, mabadiliko asiyoyataka mwenyewe. Alianza akiwa wa kijivu, na kwa kuwa kijivu kilitoka vibaya kiwandani, toleo la pili likamgeuza kijani. Kwenye tamthilia ya televisheni iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 walitumia watu wawili, Bill Bixby kwa daktari anayegeuka Hulk na Lou Ferrigno aliyepakwa rangi ya kijani kwa lile jitu. Njia hii ni nafuu kwa mchoraji, miili miwili tofauti na hakuna wa kuuliza kwa nini hawatambuliki. Hasara yake ni kwamba huwezi kuwa na tukio la mtu kukaribia kuijua siri kwa kuangalia. Ile hofu ya kukodolewa macho mezani, inayozibeba hadithi za Clark na Peter, hapa haipo.

Kwa wasichana wanaochora, nawaelekeza kwanza kwa Kamala Khan, binti wa Jersey City mwenye asili ya Pakistani, ambaye mfululizo wake ulianza 2014, ukiandikwa na G. Willow Wilson na kuchorwa na Adrian Alphona. Anapata uwezo wa kubadilisha umbo, na cha kwanza anachofanya ni kugeuka kuwa shujaa anayemhusudu, mwanamke mrefu wa kizungu mwenye nywele za dhahabu. Na papo hapo anaona taabu yake: nywele zinamwingia usoni, viatu vinambana, nguo inampanda. Baadaye anajitengenezea vazi kutokana na burkini yake, ile nguo ya kuogelea inayofunika mwili, na anarudi kwenye ngozi na nywele zake. Mabinti wa hapa nikiwasimulia hilo hukaa kimya kidogo. Wengi wao madaftari yao yamejaa wanawake wasiofanana na mtu yeyote wa nyumbani kwao.

Wasiojificha

Nitapita haraka. Iron Man wa 1963, yaani tajiri Tony Stark ndani ya vazi la chuma, aliwaambia watu kwamba lile jitu la chuma ni mlinzi wake, uongo mzuri kwa sababu chuma anaweza kukivaa mwingine, na filamu ya 2008 ikamalizika kwa yeye kukiri mbele ya waandishi wa habari. Black Panther wa 1966 ni mfalme, na vazi lake ni la cheo kama kilemba cha jumbe. Ukiichagua njia hii unaondoa siri na lazima uweke kitu kingine mahali pake: dhamana, watu wa kuwajibika kwao, hofu ya kuwaangusha.

Na Kenya wametuonyesha kwamba kuna siri isiyohitaji kitambaa. Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza 2010 na kuandikwa kwa Sheng, lina kijana asiye na ajira anayerusha matangazo ya redio kwa siri kutoka chumbani kwake, DJ Boyie. Nchi nzima inamsikia na hakuna anayemwona. Sauti ndiyo vazi.

Turudi kwa mkaanga samaki

Hayo yote nilimweleza binti yule kwa kirefu kuliko nilivyoandika hapa, na chai ilipoa. Mwisho nikamuuliza: wateja wanamjua mama huyu kwa kitu gani?

Hakufikiri sana. "Sauti, mwalimu. Anaita wateja tangu alfajiri. Hata ukiwa kituo cha bajaji unamsikia."

Basi miwani haisaidii, nikamwambia, na barakoa nayo haisaidii. Akifungua kinywa tu baharini, wavuvi wote wanamjua. Na huyu wa mchana si muongo, ni mama mkweli anayekaanga samaki, kwa hiyo suti ya Clark na sherehe za Bruce hazimhusu. Yuko karibu na Peter. Lakini Peter akifunikwa anaanza kusema, na huyu akifunikwa itabidi anyamaze.

Alinitazama kama niliyemwibia kitu, akafunga daftari, akaaga.

Jumamosi iliyofuata alileta kurasa nne. Barakoa haikuwepo. Kanga ya kichwani ilikuwa imelowa, imemgandamana usoni kwa maji na upepo, macho tu yanaonekana, na katika kurasa zote za usiku hakumwandikia neno hata moja. Ngalawa imepinduka, mvuvi ameshikilia ubao, na kutoka gizani unakuja mkono. Mkono huo aliuchora kwa ukaribu, umejaza kisanduku kizima: vidole vinene, na juu ya kidole gumba vidoa vitatu vya kuungua, vya mafuta yaliyoruka.

Ukurasa wa nne ni asubuhi. Mvuvi yuleyule amefika kununua vibua. Mama anapiga kelele zake za kila siku, anafunga samaki kwenye gazeti, anamnyooshea. Mvuvi ameshika noti mkononi, hajaitoa bado. Anaangalia kidole gumba.